Insha ya mjadala imekwama kwenye alama kumi: tafuta chanzo

Toa insha yako ya mjadala iliyorudi na alama 9 au 10 juu ya 20. Alama yenyewe iache kwanza. Soma maandishi ya kalamu nyekundu yaliyo pembeni: "hoja haijakomaa", "msimamo?", "umepotoka", "urudiaji". Wanafunzi wengi hukunja karatasi kabla ya kuyasoma, kisha huenda kukariri orodha nyingine ya misamiati, kana kwamba waliambiwa lugha yao ni chapwa. Hawakuambiwa hivyo.

Karatasi ya Insha ya KCSE (mtihani wa mwisho wa shule za upili nchini Kenya), yaani 102/1, inakupa saa 1 na dakika 45 uandike insha mbili. Ya kwanza ni ya lazima, ya pili unaichagua kati ya tatu zinazobaki. Kila insha ina alama 20 na haifai kupungua maneno 400. Alama 1 hadi 5 ni kiwango cha D, 6 hadi 10 ni C, 11 hadi 15 ni B, na 16 hadi 20 ni A. Mtahini haanzi na 20 akawa anapunguza mojamoja. Huisoma insha yote, akaitia katika kiwango chake, ndipo akaamua ikae juu au chini ndani ya kiwango hicho. Kwa hiyo anayepata 10 kila muhula hajapoteza alama kumi kwa makosa kumi. Insha yake nzima ina tabia ya C. Na tabia hiyo kwa kawaida ni moja: mwandishi anasema jambo, halafu anasema tena kwamba amelisema, bila kumpa msomaji sababu ya kuliamini.

Nitatumia swali moja mwanzo hadi mwisho ili mifano isitawanyike: *Marufuku ya mifuko ya plastiki imefaulu nchini Kenya. Jadili.* Ukiwa na swali la ugatuzi, la mitandao ya kijamii au la shule za bweni, dalili ni zilezile.

## "Hoja haijakomaa"

Hii ndiyo dalili inayowapata wengi, na ndiyo nitakayokaa nayo zaidi. Tazama aya hii:

*Aidha, marufuku ya mifuko ya plastiki imesaidia mazingira. Mazingira ni muhimu sana katika maisha ya binadamu na wanyama. Bila mazingira safi hatuwezi kuishi vizuri. Ni jukumu letu sote kama Wakenya kuyatunza mazingira yetu kwa sababu mazingira ni uhai.*

Sarufi iko sawa, tahajia iko sawa. Lakini sentensi ni nne na dai ni moja, lile la kwanza, nalo ni hafifu. Zilizobaki zinayasifu mazingira tu. Mtahini anaandika "hoja haijakomaa" na mwanafunzi anaelewa "andika zaidi", basi insha inayofuata anaongeza sentensi ya tano isemayo kuwa mazingira ni zawadi kutoka kwa Mwenyezi Mungu.

Vyanzo ni viwili, na tiba zake hazifanani. Cha kwanza ni kwamba mwandishi hana ushahidi. Hajui marufuku ilianza lini, ilikataza nini, iliruhusu nini, ilimgusa nani. Huyo hakuna mbinu ya uandishi itakayomwokoa. Asome magazeti na asikilize taarifa ya habari. Chanzo cha pili ndicho cha kawaida zaidi: ushahidi anao kichwani, ila anaona haya kuuandika kwa kuwa "kila mtu anajua". Mtahini naye ni Mkenya, amenunua unga dukani, ya nini kumweleza? Ya kwamba hapewi kazi ya kutuza anachokijua yeye. Anatuza kilichoandikwa.

Kujua chanzo chako ni kipi, simama baada ya sentensi ya kwanza ya kila aya ujiulize: kivipi? Jibu likija haraka na kumbe halimo kwenye karatasi, una chanzo cha pili. Ukikaa kimya, una cha kwanza. Kisha jiulize swali kali zaidi: yuko mtu mwenye akili timamu anayeweza kulipinga dai hili? Kauli ya "mazingira ni muhimu" haipingwi na yeyote, hata mwenye kiwanda cha mifuko. Kauli ambayo hakuna wa kuipinga haiwezi kuwa hoja katika mjadala, maana hakuna mjadala juu yake.

Sasa aya ileile ikiwa imetibiwa:

*Marufuku hii imebadilisha mazoea ya wanunuzi. Kabla ya tarehe 28 Agosti 2017, maduka makubwa yalikutilia bidhaa katika mfuko wa plastiki bila malipo, hata kama umenunua kiberiti tu. Leo mnunuzi hutoka nyumbani na kikapu, la sivyo hulipia mfuko kaunta. Kitu kilicholipiwa hakitupwi ovyo kama kilichotolewa bure, hivyo mfuko mmoja hutumika tena na tena kabla ya kufika jaani. Hata anayelalamika kuwa sheria inavunjwa sokoni hawezi kukana kwamba mfuko wa bure wa dukani umetoweka.*

Aya hii haina msamiati wowote mgumu. Ina dai linaloweza kupingwa, hali ilivyokuwa, hali ilivyo, na mwisho neno kwa yule asiyekubali. Lakini sentensi iliyofanya kazi kubwa ni ya nne, ile inayoanza "Kitu kilicholipiwa". Bila hiyo, msomaji amepewa habari kuwa mifuko inauzwa, naye anaweza kuuliza: sasa iweje? Sentensi hiyo ndiyo inayoonyesha kwa nini habari iliyotangulia inathibitisha dai. Ukizikagua insha zilizokwama kwenye 10, mara nyingi utaona dai lipo, mfano upo, na sentensi hii haipo.

Haimaanishi kila aya iwe na vipande hivyo vyote kwa mpangilio huohuo. Ukifanya hivyo mara saba mfululizo, mtahini atachoka na wewe. Aya nyingine ianze na mfano halafu dai lije mwishoni. Nyingine ianze na mpinzani. Sentensi ya sababu tu ndiyo isikosekane.

Hapa watu huuliza: hoja ngapi? Walimu wengi husema saba. Sina ugomvi na saba, ila fanya hesabu. Insha ya maneno 450, ukitoa 50 ya utangulizi na 50 ya hitimisho, inabaki na 350, yaani maneno 50 kwa kila hoja. Aya niliyoionyesha hapo juu imepita 50. Basi ukitaka hoja saba zilizokomaa, jiandae kwa maneno kama 600. Ukiona mkono wako hauwezi kasi hiyo, tano zilizokomaa ni bora kuliko tisa mbichi, ingawa najua kuna watakaobisha.

## "Msimamo?"

Mtahini amefika mwisho wa insha na hajui unaunga mkono au unapinga. Hitimisho lako linasema: *Kwa kutamatisha, marufuku ya mifuko ya plastiki ina faida na pia ina hasara zake.* Hilo alilijua kabla hajaanza kusoma.

Chanzo kikubwa ni neno "jadili" lenyewe kufundishwa nusu. Ulifundishwa kuwa ukiliona utoe pande mbili, nawe ukatoa hoja tatu huku na tatu kule, ukazisawazisha kama mizani ya duka la nyama. Nusu iliyosahaulika ni kwamba baada ya kuzipima pande zote mbili lazima useme upi umekuwa mzito, na kwa nini. Maagizo mengine hayadai hivyo. "Thibitisha" na "tetea" yanataka upande mmoja tu, na ukianza kuupinga unajiharibia. "Je, unakubali?" linakuachia uchague, lakini kuchagua ni lazima.

Chanzo kingine ni woga. Mwanafunzi anadhani mtahini ana jibu lake alilolificha, na akienda kinyume nalo ataanguka. Hakuna jibu la namna hiyo. Anayepinga na anayeunga mkono wanaweza kupata 17 wote wawili.

Tiba: kabla ya kuandika utangulizi, andika kwenye karatasi ya kupangia sentensi moja inayoanza na "Naona kwamba". Kwa swali letu inaweza kuwa: naona kwamba marufuku imefaulu, ijapokuwa utekelezaji wake sokoni bado ni legelege. Huo ni msimamo kamili. Kukiri udhaifu wa upande wako si kuyumba, mradi hoja zako zionyeshe kuwa udhaifu huo hauangushi jumla. Usipoweza kuiandika sentensi hiyo, badilisha swali mapema, wakati bado ungali na muda.

Mpangilio ninaoupendelea ni kuanza na upande usiokuwa wako: aya mbili, tatu zikizidi. Uandike kwa haki. Kwa mfano: mifuko bado huonekana sokoni kwa sababu huingizwa kimagendo. Vifungashio vinavyotiwa bidhaa kiwandani, kama vya mkate, havikuguswa na marufuku. Mifuko mingi iliyochukua nafasi ya ile ya zamani inafanana na kitambaa, kumbe nayo ni plastiki. Hizo ni hoja za kweli na zinauma. Ukiziacha nje, mtahini atazikumbuka mwenyewe na insha yako itaonekana ya mtu asiyejua mambo.

Kisha jibu. Hoja ya magendo inajibika hivi: Kenya ilipopiga marufuku mwaka 2017, Tanzania Bara ilikuwa haijafanya hivyo, nayo ilifuata tarehe 1 Juni 2019. Rwanda ilitangulia tangu 2008. Basi mpaka ulioachwa wazi ulikuwa udhaifu wa kanda nzima wala si ushahidi kuwa sheria yenyewe ni mbovu. Mpinzani anaweza kurudi na kusema kuwa mifuko imeendelea kuonekana hata baada ya 2019, na hapo utahitaji jibu jingine, labda la ukaguzi mdogo masokoni. Mjadala ndivyo ulivyo. Baada ya kumjibu, ingia kwenye hoja zako nne au tano, na ile nzito kuliko zote iweke mwisho.

Makosa madogo yanayofanana na hili: kubadilisha upande katikati bila kumtayarisha msomaji. Aya ya tatu inaunga mkono, ya nne inapinga, ya tano inaunga mkono tena, zote zikianza na "Aidha". Anayesoma anazunguka tu. Unapovuka upande, vuka kwa sauti: "Wanaopinga wana jambo jingine", "Madai hayo yote yanasahau kwamba".

## "Umepotoka"

Dalili hii huuma kwa kuwa huja na lugha nzuri. Insha imetiririka, misamiati imepangika, na alama ni 3. Chanzo ni kimoja karibu kila mara: ulikuwa na insha ya kukariri kuhusu uchafuzi wa mazingira, ukaliona neno "plastiki" kwenye swali, ukaimwaga yote. Swali halikuuliza madhara ya plastiki. Liliuliza kama marufuku imefaulu. Neno linalobeba swali hapa ni "imefaulu", na kila aya isiyolitolea hukumu neno hilo imepotea njia, hata ikiwa tamu namna gani.

Kipimo chake hakihitaji mwalimu. Funika swali kwa mkono, mpe mwenzako asome sentensi ya kwanza ya kila aya peke yake, kisha akisie swali lilikuwa nini. Akisema "umuhimu wa mazingira", umepotoka. Akisema "kama ile sheria ya plastiki imefanya kazi", uko njiani. Ndani ya chumba cha mtihani huna mwenzako, kwa hiyo pigia mstari neno linalobeba swali, na kila umalizapo aya litazame tena. Katika mada za methali na mitazamo, neno hilo huwa halionekani haraka. Tafuta maneno kama "zaidi kuliko", "ndicho kikwazo kikuu", "pekee". Anayeulizwa kama ufisadi ndicho kikwazo *kikuu* cha maendeleo akathibitisha kuwa ufisadi ni mbaya hajajibu. Alitakiwa aulinganishe na vikwazo vingine, kama ukame au madeni, aonyeshe kwa nini huo ndio unaotangulia.

## "Takwimu hizi umezitoa wapi?"

*Utafiti unaonyesha kuwa asilimia 87 ya Wakenya wanaunga mkono marufuku hii.* Utafiti gani? Wa nani? Mwanafunzi ameibuni asilimia hiyo papo hapo, na mtahini anajua. Hakukati alama kwa ajili ya uongo wenyewe, lakini insha nzima inaanza kunuka. Baada ya hapo hata mfano wako wa kweli unasomwa kwa shaka.

Chanzo ni imani kwamba hoja haina uzito bila namba. Si kweli. Katika mtihani huna kitabu wala simu, na wanaotunga swali wanalijua hilo. Vitu viwili vinatosha. Kwanza ni uchunguzi wa macho yako: unachokiona sokoni, stendi ya matatu, bwenini, kwenye mtaro ulio mbele ya shule. Andika kwa ukaribu. "Mama mboga hufunga sukumawiki kwa gazeti au huitia moja kwa moja kwenye kikapu cha mteja" ina nguvu kuliko asilimia yoyote ya kubuni.

Pili ni hazina ndogo ya mambo ya hakika, ambayo kila Mkenya anaweza kuyakubali. Katiba ya 2010. Kaunti 47, zilizoanza kazi baada ya uchaguzi wa Machi 2013. Elimu ya msingi bila malipo tangu 2003. M-Pesa iliyoanza Machi 2007. Adhabu ya mifuko ya plastiki: faini ya shilingi milioni 2 hadi milioni 4, au kifungo cha mwaka 1 hadi miaka 4. Haya si mengi, na uzuri wake ni kwamba jambo moja hukaa katika insha nyingi. M-Pesa yafaa kwenye insha ya teknolojia, ya ajira kwa vijana, ya usalama wa fedha, hata ya uhusiano wa mji na mashambani.

Onyo moja hapa. Tarehe peke yake haithibitishi kitu. Tarehe 5 Juni 2020 serikali iliongeza marufuku, ikakataza plastiki za kutumiwa mara moja katika mbuga, misitu na fuo zilizohifadhiwa. Mwenye kutetea atasema: sheria ya kwanza ilizaa matunda, ndiyo maana ikapanuliwa. Mwenye kupinga atasema: kama ya kwanza ingetosha, ya pili ingehitajika ya nini? Jambo ni lilelile, maana mbili. Usipomwambia msomaji unalisoma vipi na kwa nini, umempa mpinzani wako silaha.

## Insha imejaa mapambo

Hapa maoni ya kalamu nyekundu huwa ya upole, pengine hata kuna alama za vema juu ya maneno, ndiyo maana wengi hawatambui kuwa ni tatizo. Kila aya inaanza na "Fauka ya hayo", "Isitoshe", "Aidha", "Mbali na hayo", "Vilevile". Angalia maneno hayo yanafanya kazi gani: yote yanasema "na kingine". Yanarundika, hayafikirii. Mjadala unayahitaji zaidi haya: kwa sababu, hivyo, ijapokuwa, ilhali, hata hivyo, la sivyo, mradi, licha ya. Pitia insha yako uhesabu. Ukikuta "aidha" sita na "ijapokuwa" sifuri, hukuwa unajadili. Ulikuwa unaorodhesha.

Halafu methali. *Wahenga hawakukosea waliposema haraka haraka haina baraka*, basi serikali haikupaswa kuharakisha marufuku. Sawa, lakini wahenga haohao walisema chelewa chelewa utamkuta mwana si wako, na yule wa upande wa pili anayo tayari mfukoni. Methali haithibitishi hoja. Inaweza kuifunga hoja iliyokwisha kuthibitishwa, ikaifanya ikumbukwe, na hapo hakuna kinachoishinda. Mbili katika insha nzima zinatosha. Zikifika tano nitaanza kushuku kuwa hoja hazikuwapo.

Sisemi msamiati hauna thamani. Mtahini hutuza lugha. Ila neno zuri lililo katika sentensi isiyo na kazi halipandishi insha kutoka C.

## Makosa ya lugha yanayojirudia

Nitapita haraka, kwa kuwa haya yana vitabu vyake. "Kwasababu" ni maneno mawili, *kwa sababu*. "Ilikuzuia" unapomaanisha lengo ni *ili kuzuia*, na ukiyaunganisha umebadilisha maana kabisa. "Nakadhalika" ni *na kadhalika*. Mifuko *hii*, si hizi. Hoja *hii* moja, hoja *hizi* nyingi, na "mahoja" halipo. Marufuku ukiipa upatanisho wa "imefaulu" katika aya ya kwanza usije ukaandika "yamefaulu" katika ya nne. Swali limeshakupa upatanisho, ushike huohuo.

Kosa moja la lugha ni la kimantiki vilevile: "labda", "pengine" na "huenda" kuingia katika kila dai. Ukisema huenda marufuku imepunguza taka, huenda ikawa imeleta ajira, na pengine wananchi wameipokea, umeacha kushawishi. Tia shaka pale unapokuwa nayo kwelikweli, kwingine sema.

## Utangulizi mrefu, hitimisho jembamba

*Plastiki ni neno linalotumiwa kumaanisha aina ya kitu kinachotengenezwa viwandani...* Mistari minane imekwenda na mjadala haujaanza. Fanya jaribio hili: futa utangulizi wote, anza kusoma aya ya pili. Kama hujapoteza kitu, utangulizi haukuwa na kazi. Utangulizi wa mjadala unahitaji hali ilivyo (marufuku ilianza lini, ikakataza nini), mgongano uko wapi, na mwelekeo wako kwa mbali. Sentensi tatu au nne.

Hitimisho lina maradhi mawili yanayopingana. Kuna linalorudia hoja zote kwa maneno yaleyale, na kuna linaloleta hoja mpya kabisa ambayo ilipaswa kuwa na aya yake. Linalotakiwa ni uamuzi: baada ya kuzipima, upande huu umezidi kwa sababu hii moja kubwa. Pendekezo la nini kifanyike linaweza kufuata, likiwa limetokana na yale uliyoyasema. Kama ulikiri kuwa sokoni utekelezaji ni legelege, pendekezo lako lihusu ukaguzi wa sokoni, lisiruke kwenda kwenye upandaji miti.

## Insha haikuisha

Kama aya zako za mwisho zina mistari miwili miwili na mwandiko umeanza kulala, chanzo ni saa. Dakika 105 zigawe hivi: 5 za kusoma maswali na kuchagua, kisha 50 kwa kila insha. Ndani ya hizo 50, 10 ni za kupanga, 35 za kuandika, 5 za kusoma upya. Dakika 10 za kupanga ndizo watu huziiba, na hao ndio unaowaona wakikata mistari katikati ya ukurasa wa pili. Insha ya mjadala haivumilii kuandikwa kabla ya kupangwa, kwa kuwa huwezi kumjibu mpinzani usiyemjua bado.

Anayechelewa mara kwa mara aangalie pia anaanza na ipi. Wapo wanaoanza na ile ya kuchagua kwa kuwa wanaipenda, wakaimwagia dakika 70, halafu ya lazima ikapata masalio, ilhali zote mbili zina alama sawa.

Urefu upime kwa mistari. Hesabu maneno katika mistari mitatu ya mwandiko wako, gawa kwa tatu. Ukiwa na maneno 9 kwa mstari, 400 hutimia kwenye mstari wa 45 hivi. Kijue kiwango chako kabla ya siku ya mtihani ili usikae ukihesabu neno mojamoja pale. Ukikuta swali lenye mpaka wa juu pia, kama ilivyo kawaida katika mitihani ya Tanzania, punguza idadi ya hoja, usipunguze ukomavu wake.

## Hoja nzuri, sura mbovu

Mwisho ni dalili inayomshangaza aliye hodari wa mjadala. Swali la lazima huweza kukutaka ushawishi kwa kutumia muundo maalumu: barua kwa mhariri, hotuba, tahariri, kumbukumbu za mkutano. Mwanafunzi analiona jambo la kujadili, anasisimka, anaandika mjadala safi usio na anwani, tarehe wala sahihi. Alama nne zinaweza kwenda kwa kukosa sura peke yake, na nne ni umbali wa kutoka 12 hadi 8.

Barua kwa mhariri ina anwani yako, tarehe, anwani ya mhariri, mtajo (maneno ya kumwita unayemwandikia), mada inayoanza na KUH (kifupi cha "kuhusu"), mwili, kimalizio, sahihi na jina. Hotuba humtambua mgeni wa heshima kwanza na kushuka ngazi kwa ngazi, halafu huzungumza na watu waliokaa mbele yako, kwa hiyo "mwanafunzi mwenzangu" isigeuke kuwa "mtahiniwa" au "msomaji" katikati. Tahariri hubeba jina la gazeti, tarehe na kichwa, na husema kwa sauti ya gazeti zima. Kabla ya hoja ya kwanza, chora sura hiyo kwenye karatasi ya kupangia, uweke alama mahali pa kila kipande. Ukishafanya hivyo, mwili wa insha ni mjadala uleule: dai, ushahidi, sababu, na jibu kwa asiyekubali.